Old Tom Morris: Bingwa wa gofu aliyesukuma toroli la mchanga uwanjani

Timu ikifungwa ugenini, lawama huwa na mpangilio wake. Kwanza mwamuzi, halafu safari ndefu, halafu uwanja. Nyasi ndefu, vipara kwenye eneo la penalti, mpira unadunda unavyotaka wenyewe. Yule jamaa anayemwagilia maji na kukata nyasi hana namba mgongoni na hakuna anayejua jina lake, lakini siku mambo yakiharibika anakumbukwa haraka sana.

Kwenye gofu lawama hiyo ni nzito zaidi. Soka linachezwa katikati ya kelele, na straika asiyeweza kufunga huku watu 50,000 wakimzomea hajawa straika. Gofu ni kinyume. Mchezaji anasimama juu ya mpira mdogo uliotulia, kila mtu kimya, halafu ghafla mashine ya kukata nyasi inawaka upande wa pili, au mtu anakatiza mbele yake na reki begani. Wapo wanaosubiri. Wapo wanaofoka. Na wapo wanaopiga hivyo hivyo kwa hasira, mpira unaishia vichakani, kisha wanamgeukia mfanyakazi kana kwamba yeye ndiye aliyeshika fimbo.

Kuna mtu mmoja katika historia ya michezo ambaye ugomvi huo ulikuwa ndani ya maisha yake yote, kwa sababu alikuwa pande zote mbili. Alikuwa bingwa wa mashindano makubwa ya gofu duniani mara nne. Na wakati huo huo alikuwa ndiye mwenye toroli, sepeto na mchanga. Jina lake Tom Morris, ambaye dunia inamjua kwa jina la Old Tom, yaani Mzee Tom, ili asichanganywe na mwanawe aliyekuwa na jina hilo hilo.

UWANJA WA WATU WOTE

Tom Morris alizaliwa Juni 16, 1821, katika mji wa St Andrews, mashariki mwa Scotland, pembeni kabisa mwa bahari. Baba yake, John, alikuwa mfumaji wa vitambaa. Haikuwa familia ya kitajiri, na gofu ya kucheza kwa fimbo nzuri na mipira ya bei ilikuwa mchezo wa mabwana. Lakini uwanja haukuwa wa mabwana peke yao.

Hapo mashabiki wa soka watege sikio. Ardhi ile ya mchanga na nyasi fupi kati ya mji na bahari ilikuwa mali ya watu wote. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliweka saini hati iliyothibitisha kwamba wenyeji wa St Andrews wana haki ya kuitumia kwa gofu, kwa kulenga shabaha na kwa kandanda. Ndiyo, mpira wa miguu umo kwenye hati ile ile. Karibu miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1457, bunge la Mfalme James II wa Scotland lilikuwa limepiga marufuku michezo yote miwili, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale na kukimbilia mipira. Soka na gofu zilifungiwa siku moja, kwa kosa moja.

Basi Tom alikulia kwenye uwanja ambao kila mtu alikuwa na shughuli yake. Kondoo walichunga humo. Mikokoteni ilipita. Wanawake walifua nguo na kuzianika juu ya nyasi na vichaka. Hali ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba sheria za gofu za St Andrews za karne ya 19 zilikuwa na kipengele cha mpira ulioangukia juu ya nguo zilizoanikwa: nguo zivutwe taratibu kutoka chini ya mpira, na beseni la kufulia lililo karibu lisogezwe. Hakukuwa na habari ya kumfukuza mama wa watu. Yeye alikuwa na haki yake na mchezaji alikuwa na yake.

Mtoto aliyekulia hapo anajifunza mapema kwamba kimya si haki ya kuzaliwa nayo. Ukitaka kupiga mpira, subiri kondoo apite.

FUNDI WA MIPIRA

Akiwa na miaka kama 14, Tom aliingia kazini kwa Allan Robertson, fundi wa fimbo na mipira ambaye pia alihesabika kuwa mchezaji bora wa zama zake. Mipira ya wakati ule ilikuwa ya ngozi iliyoshonwa na kushindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa. Kofia nzima ya manyoya ilikuwa inaingia kwenye mpira mmoja mdogo. Fundi hodari alitoa michache tu kwa siku, ndiyo maana bei yake ilikuwa kali.

Mchana kazi, jioni mazoezi. Kijana alikomaa hadi bosi wake akamfanya mwenzake wa kucheza naye kwa jozi. Mwaka 1849 wawili hao waliingia kwenye pambano lililozungumzwa kote Scotland, dhidi ya ndugu wawili wa Musselburgh, Willie na Jamie Dunn. Dau lilikuwa pauni 400, mpunga mrefu sana kwa watu ambao ujira wao ulikuwa wa kubangaiza. Mechi zilichezwa viwanja vitatu, na ya mwisho ikawa North Berwick.

Huko North Berwick akina Dunn waliongoza. Zikiwa zimebaki shimo nane, walikuwa mbele kwa shimo nne. Kwa lugha ya soka, ni bao tatu bila dakika ya 70. Watu walishaanza kuhesabu pesa zao. Robertson na Morris hawakupaniki. Walirudisha shimo moja, likafuata jingine, hadi mechi ikawa sare na kubaki mashimo mawili.

Hapo mpira wa akina Dunn ukaenda kulala nyuma ya jiwe, pembeni mwa njia ya mikokoteni. Wakataka sepeto liletwe, jiwe ling'olewe. Mwamuzi, Sir David Baird, akakataa: jiwe liko nje ya uwanja na limekaa hapo daima, mpira upigwe ulipo. Ndugu wale wakapoteza utulivu. Akapiga mmoja, mpira haukutoka. Akapiga mwingine, wapi. Wangeweza kuurudisha nyuma kwenye nyasi wakaanza upya, lakini hasira ilishawafunga macho. Shimo likaenda, mechi ikaenda, na pauni 400 zikaenda.

Morris alikuwa anatazama. Lile jiwe halikumfunga mtu. Waliokuwa wamepotea ni wale waliokasirika kwamba jiwe lipo.

TOROLI LA PRESTWICK

Ukaribu wake na Robertson haukudumu. Mwaka 1848 ulikuja mpira mpya wa utomvu wa mti kutoka Asia, mgumu, wa bei rahisi, usioharibika kwa mvua. Robertson aliuona kama adui wa biashara yake ya manyoya na hakutaka watu wake wauguse. Siku moja Morris aliishiwa mipira katikati ya mchezo, akaupiga ule mpya. Habari zikamfikia bosi. Wakagombana, na kijana akajitoa na kufungua duka lake.

Mwaka 1851 alipata kazi iliyobadilisha maisha yake. Klabu mpya ya Prestwick, pwani ya magharibi, ilimwita awe mtunza uwanja wao. Bwana mmoja wa klabu hiyo, James Ogilvie Fairlie, alikuwa anamwamini sana, na baadaye Morris alimpa mwanawe mmoja jina hilo zima.

Morris alikuta vilima vya mchanga na vichaka, akatengeneza humo uwanja wa mashimo 12. Aling'oa, akafukia, akasawazisha. Hakuwa na mashine wala idara ya ufundi. Ni mikono, sepeto na toroli.

Ni kwa toroli hilo alipopata siri yake kubwa. Inasimuliwa kwamba siku moja mzigo wa mchanga ulimwagika kwa bahati mbaya juu ya grini, ile sehemu laini yenye shimo. Badala ya nyasi kufa, baada ya muda pale mchanga ulipomwagika nyasi zilitoka nzito na nzuri kuliko kwingine. Mzee akaelewa: mchanga unasawazisha uso wa ardhi, unapitisha maji haraka na kuipa mizizi nafasi ya kupumua. Tangu siku hiyo hadi anastaafu alikuwa mtu wa mchanga tu. Msaidizi wake wa baadaye, Honeyman, aliagizwa kuongeza mchanga hadi ikawa kama utani wa mjini. Leo mtunza uwanja yeyote wa kiwango, wa gofu hata wa soka, anatandaza mchanga juu ya nyasi zake.

UBINGWA

Oktoba 17, 1860, miaka mitatu kabla ya chama cha soka cha England kuanzishwa, wachezaji wanane walikutana Prestwick kushindania mkanda wa ngozi nyekundu. Ndiyo mashindano yanayoitwa The Open hadi leo. Walizunguka mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi, na Willie Park wa Musselburgh alimaliza kwa mikwaju 174. Morris, mwenye uwanja wake, alipiga 176. Akafungwa nyumbani, kwenye nyasi alizozikata mwenyewe. Hakuwa hata na wa kumlaumu.

Mwaka uliofuata alilipa deni. Mwaka 1862 hakulipa tu, alitoa kipigo: alimwacha Park, aliyeshika nafasi ya pili, kwa mikwaju 13. Pengo hilo halijawahi kufikiwa kwenye The Open. Katika mashindano yote makubwa ya gofu lilidumu hadi mwaka 2000, pale Tiger Woods aliposhinda US Open kwa tofauti ya mikwaju 15. Rekodi ya miaka 138, iliyowekwa na mtu ambaye kesho yake asubuhi alikuwa na kazi ya kufukia mashimo.

Alishinda tena 1864, akapewa pauni sita, na tena 1867 akiwa na miaka 46. Hadi leo hakuna mzee kuliko yeye aliyetwaa The Open.

Si kwamba hakuwa na udhaifu. Mikwaju mirefu ilikuwa yake, lakini mikwaju mifupi ya kuusukumiza mpira shimoni ilimtesa maisha yote. Futi tatu tu, mpira unapita pembeni. Ni kama straika anayefunga kutoka mita 30 halafu anakosa akiwa peke yake na lango wazi. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimtumia barua bila kuandika jina, ameandika tu kwamba iende kwa mkosaji wa mikwaju mifupi, Prestwick. Posta wakaipeleka moja kwa moja kwa Morris. Naye alicheka pamoja na wenzake.

KURUDI NYUMBANI

Mwaka 1864 klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilimwita arudi kwao kutunza uwanja mkongwe kuliko yote. Mshahara ulikuwa pauni 50 kwa mwaka. Alikabidhiwa vitendea kazi: toroli, sepeto na koleo. Kwa kazi nzito aliruhusiwa kibarua mmoja, siku mbili kwa wiki.

Uwanja alioukuta ulikuwa umechoka. Reli ilishafika mjini tangu 1852 na ilikuwa inashusha wachezaji. Mipira ya bei rahisi iliongeza watu. Wote walipita kwenye uwanja ule ule mmoja, na njia ilikuwa nyembamba katikati ya vichaka vya miiba. Mashimo yenyewe yalimomonyoka kila siku, kwa sababu watu walikuwa wakichota humo mchanga wa kutegeshea mpira wa shimo linalofuata.

Morris alikata vichaka akapanua njia. Alitenga sehemu za kuanzia mbali na grini, ili nyasi zisikanyagwe na watu wanaoanza. Akaweka chuma ndani ya shimo lisibomoke. Akaleta mashine za kukatia nyasi za kusukuma kwa mkono. Akajenga grini mpya ya shimo la kwanza na ya shimo la 18, na hiyo ya 18 aliiona kuwa kazi yake bora kuliko zote. Shimo hilo leo linaitwa kwa jina lake.

Sasa fikiria hali yenyewe. Uwanja hauna siku ya kufungwa, watu wanapita tangu asubuhi, na mzee yuko katikati na toroli. Kila shimo alilofukia lilikuwa mbele ya macho ya mtu aliyetaka kupiga. Wengi wa watu hao walikuwa mabwana, waajiri wake, watu ambao yeye aliwavulia kofia. Na kazi isipofanyika, ni hao hao watakaolalamika kwamba grini ni mbovu.

Alichokuwa nacho ni heshima ambayo mtunza uwanja wa kawaida hana. Hakuna bwana aliyeweza kumwambia Tom Morris kwamba haelewi mchezaji anahitaji nini. Alikuwa amebeba mkanda mara nne. Alijua kusimama na toroli lake mtu apige, kwa sababu saa mbili baadaye angekuwa yeye anayepiga. Na alijua pia kutosimama, kazi inapokuwa haiwezi kungoja.

JUMAPILI

Kuna jambo moja ambalo hakulegeza. Jumapili uwanja ulifungwa. Morris alikuwa mzee wa kanisa, na siku ya Bwana hakushika fimbo. Lakini sababu yake ilikuwa na miguu miwili. Kwa wale waliomsumbua wakitaka kucheza, jibu lake lilikuwa kwamba hata kama wao hawahitaji kupumzika, uwanja unahitaji.

Bwana, hilo ni neno la mtu anayejua nyasi. Makocha wa soka wanalia kila msimu kuhusu ratiba: mechi Jumatano, mechi Jumamosi, wachezaji wamechoka. Wachache wanakumbuka kwamba nyasi nazo zimecheza mechi zile zile, tena za timu zote mbili. Mpaka sasa Old Course ya St Andrews hufungwa Jumapili, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Siku hiyo wenyeji hutembea juu yake na watoto na mbwa wao, kama ilivyokuwa zamani za nguo za kuanika.

SIKU ALIYOONDOKA UWANJANI

Isidhaniwe kwamba alikuwa malaika wa uvumilivu. Mwaka 1870 alikutana na mpinzani wake wa siku zote, Willie Park, katika pambano la viwanja vinne. Uwanja wa mwisho ulikuwa Musselburgh, nyumbani kwa Park.

Mashabiki walijaa hadi ndani ya uwanja. Hapakuwa na kamba wala polisi wa kutosha. Walisukumana, walipiga kelele, waliingilia mipira. Morris aliyezoea kondoo na mikokoteni alikuta kitu kingine kabisa: watu waliokusudia kumharibia. Yakiwa yamebaki mashimo sita na Park akiongoza kwa shimo moja, mwamuzi, Robert Chambers, akasimamisha mchezo. Yeye na Morris wakaingia kwenye baa ya jirani kungoja watu watulie.

Park hakungoja. Alituma ujumbe kwamba Morris asipotoka, yeye ataendelea peke yake na kudai dau. Morris hakutoka. Park akacheza mashimo yote sita bila mpinzani na kujitangazia ushindi. Kesho yake Morris akaja na mwamuzi, akacheza mashimo yale yale peke yake, naye akadai ushindi. Ugomvi wa pesa ukabaki kuwa ugomvi.

Hadi leo watu wanabishana nani alikuwa sahihi. Lakini tofauti iliyopo inaeleweka. Mtu mwenye toroli anakusumbua kwa sababu yuko kazini, na kazi yake ni kwa faida yako. Huyo unamsubiri. Anayekupigia kelele makusudi ili ukose ni jambo la mwamuzi, na Morris alimwachia mwamuzi.

TELEGRAMU

Wakati huo nyota wa familia hakuwa tena mzee. Mwanawe Tommy, aliyezaliwa 1851, alikuwa kipaji ambacho Scotland haikuwahi kukiona. Alitwaa The Open 1868 akiwa na miaka 17, na baba yake akashika nafasi ya pili. Akatwaa tena 1869 na 1870, na kwa kushinda mara tatu mfululizo akapewa mkanda moja kwa moja, kama Brazil walivyobaki na Kombe la Dunia miaka 100 baadaye, mwaka 1970. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kwa kukosa zawadi ya kushindania. Yaliporudi 1872, Tommy akashinda tena.

Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick wakicheza dhidi ya Willie Park na ndugu yake Mungo. Mke wa Tommy, Margaret, alikuwa mjamzito na alibaki St Andrews. Yakiwa yamebaki mashimo mawili, telegramu ikawafikia akina Morris: mama ana uchungu wa kujifungua na hali si nzuri, Tommy arudi haraka.

Walimaliza mashimo mawili. Walishinda. Kisha wakapanda boti kuvuka ghuba, kwa kuwa treni ingechelewa. Walipofika nyumbani, Margaret na mtoto walikuwa wamefariki wote wawili.

Hakuna anayeweza kusema kwamba mashimo mawili yaliyoachwa yangebadilisha lolote. Safari ilikuwa ndefu kwa njia yoyote. Lakini watu walioishi kwa kujifunza kutogeuka, watu wa macho kwenye mpira na masikio yamefungwa, siku ile walipata habari ambayo haikuwa kelele, wakaipokea kwa namna walivyozoea kupokea kelele.

Tommy hakurudi kuwa yule yule. Alifariki asubuhi ya Krismasi mwaka huo huo, akiwa na miaka 24. Mjini walisema amekufa kwa kuvunjika moyo. Inasimuliwa kwamba baba yake hakulikubali hilo: kama huzuni ingekuwa inaua, alisema, basi hata yeye asingekuwepo.

MIAKA YA MWISHO

Na alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtoto wake wa kwanza, aliyeitwa pia Tom, alikufa 1850 akiwa na miaka minne. Mkewe Agnes alimfuata Tommy mwaka 1876. Mwanawe John, aliyekuwa mlemavu tangu kuzaliwa na akifanya kazi dukani, alifariki 1893. Binti yake Elizabeth alifariki 1898, na Jimmy, wa mwisho, 1906. Mzee alizika wote.

Kila asubuhi alikuwa baharini akiogelea, hata katika baridi ya Scotland ambayo si mchezo. Akitoka, kiko mdomoni, anakwenda kukagua grini. Alicheza The Open mwaka hadi mwaka, hadi akiwa na zaidi ya miaka 70. Alisafiri kuchora na kupanga viwanja kwingine: Muirfield, Royal Dornoch, Machrihanish, na huko Ireland Lahinch na Royal County Down. Vingi kati ya hivyo bado ni viwanja vinavyotajwa kwanza watu wakizungumzia gofu.

Alistaafu utunzaji wa uwanja mwaka 1903, baada ya karibu miaka 40. Klabu iliendelea kumlipa mshahara wake, na picha yake iliyochorwa na Sir George Reid ikatundikwa ukutani, mahali ambapo vibarua kwa kawaida hawatundikwi.

Mei 24, 1908, alikuwa kwenye jengo la New Golf Club, mjini kwake. Alifungua mlango usio wenyewe, uliokuwa wa ngazi za kushukia stoo ya chini, akaanguka. Alikuwa na miaka 86. Alizikwa kwenye makaburi ya kanisa kuu la zamani, karibu na Tommy. Ilikuwa Jumapili, na uwanja ulikuwa umepumzika.

Siku hizi klabu nyingi za gofu zina utaratibu unaoeleweka: mfanyakazi aliye kazini ana haki ya kwanza, na mchezaji hapigi mpaka ameonekana na kupewa ishara ya mkono. Dakika moja au mbili, basi. Wapo bado wanaonung'unika, wakitazama saa na kupuliza mashavu. Duka la Morris lipo hadi leo, linatazama grini ya 18. Kabla mchezo haujaanza, kuna mtu atakuwa amepita juu ya grini hiyo na kazi yake, kama mzee alivyokuwa akipita.